Swali Zuri Hulijua Kosa Lake

Swali linaloulizwa kuliko yote madarasani kwetu halimo katika mtihani wowote. Mwalimu amemaliza kufundisha sehemu, amepangusa chaki mikononi, anawageukia watoto: "Tumeelewana?" Wanafunzi 80 wanaitika kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Aliyeelewa ameitika, asiyeelewa ameitika, na yule wa dawati la nyuma aliyekuwa akichora basi daftarini ameitika kwa sauti kuliko wote. Mwalimu anatoka na habari zilezile alizoingia nazo.

Tunalicheka swali hilo, lakini mengi tunayoyaandika kwenye karatasi za mtihani yana ugonjwa uleule. Mtoto akipata, sawa. Akikosa, tunaweka mkasi, tunajumlisha alama, tunaandika 34 kwa wino mwekundu, na hapo habari inaishia. Tumejua kwamba hajui. Hajui nini hasa, amekwama hatua ya ngapi, amechanganya kitu gani na kitu gani, karatasi haisemi. Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka kwenye jambo hilo moja. Kabla hujalikubali swali lako mwenyewe, jiulize: mwanafunzi akilikosa, nitafahamu nini ambacho sasa sikifahamu? Kama huna jibu, swali hilo bado halijaiva.

Ninazungumza na mwalimu wa darasa, siyo na watunzi wa mitihani ya taifa. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina kazi yake ya kupima watahiniwa wa nchi nzima kwa kipimo kimoja na kutoa vyeti. Matokeo ya darasa la saba au kidato cha nne yanapotoka, mtoto ameshaaga shule. Jaribio lako la Ijumaa lina bahati ambayo mtihani wa taifa hauna: Jumatatu mtoto atakuwepo tena mbele yako, na kosa lake bado linatibika.

Ndiyo maana siipendi tabia iliyoenea ya kununua mitihani iliyokwisha kuandaliwa, au kutegemea moko, yaani mitihani ya majaribio kabla ya ule wa taifa, na ile ya ujirani mwema inayofanywa pamoja na shule jirani, kuwa ndiyo upimaji wote wa muhula. Mitihani hiyo ina faida yake, hasa kuwazoesha watoto muda na muundo wa karatasi. Lakini aliyeitunga hajawahi kuliona darasa lako. Hajui kwamba watoto wako bado wanadhani 0.45 ni kubwa kuliko 0.6 kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 6. Wewe unajua, au unapaswa kujua.

Tuanze na maswali ya kuchagua jibu sahihi, kwa kuwa ndiyo yanayodharauliwa zaidi na ndiyo yanayotungwa vibaya zaidi. Chimbuko lake lina funzo. Mwaka 1912 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walichukua karatasi za majibu za wanafunzi wa sekondari katika somo la Kiingereza, wakazipeleka kwa walimu wengi, kila mmoja asahihishe kivyake. Karatasi ileile moja ilirudi na alama 64 kwa mwalimu mmoja na 98 kwa mwingine. Frederick Kelly wa Kansas, ambaye naye alikuwa akisumbuliwa na alama zinazoyumba namna hiyo, akatoa mwaka 1915 mtihani wa kusoma kimya ambao kila swali lilikuwa na jibu moja tu, na mwanafunzi aliliwekea alama badala ya kuandika maelezo. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani lilitumia njia hiyo kuwapima askari wapya zaidi ya milioni moja, na tangu hapo dunia nzima ikaipokea.

Kwa hiyo swali la kuchagua lilizaliwa ili kumdhibiti msahihishaji. Kumsikiliza mwanafunzi halikuwa lengo lake. Kazi hiyo ya pili imebaki mikononi mwa mtunzi, na mahali pa kuifanyia ni kwenye vipotoshi, yaani yale majibu yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya lile sahihi.

Chukua mfano. Asha amepanda mahindi kwenye 2/5 ya shamba lake na maharage kwenye 1/3. Ni sehemu gani ya shamba imepandwa? Jibu ni 11/15. Mtunzi mwenye haraka ataandika 11/15, kisha atajaza nafasi zilizobaki na chochote kilichomjia: 100, 7, 1/50, 99/100. Mtoto asiyejua kabisa atabahatisha, na mtoto aliyekokotoa vibaya hatalikuta jibu lake pale, kwa hiyo naye atabahatisha. Huyo wa pili ndiye uliyemhitaji, na umempoteza.

Sasa weka haya: A. 3/8, B. 2/15, C. 3/15, D. 4/15, E. 11/15. Aliyechagua A amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Haoni sehemu kama kiasi kimoja, anaona namba mbili zilizopandana. Huyo arudishwe kwenye karatasi ya kukunja na kupaka rangi, siyo kwenye mazoezi mengine 20 ya kujumlisha. Aliyechagua B amezidisha. Aliyechagua C amepata asili ya pamoja, 15, akasahau kubadilisha kiasi cha juu. Huyu yuko karibu sana, dakika kumi za kukaa naye zinatosha. Aliyechagua D ndiye anayenifurahisha. Amejumlisha sawasawa, akapata 11/15, kisha akatoa kwenye nzima na kujibu sehemu ambayo haijapandwa. Hesabu anaijua. Shida yake ni kusoma swali. Ukimpa somo la sehemu upya utampotezea muda na kumchosha.

Swali moja limetoa wagonjwa wanne wa magonjwa manne, na kila mmoja ana dawa yake.

Lakini chagua namba zako kwa uangalifu. Kama Asha angepanda mahindi kwenye nusu na maharage kwenye theluthi moja, kipotoshi 1/6 kingechaguliwa na aliyezidisha, na aliyetoa badala ya kujumlisha, na aliyejibu sehemu iliyobaki. Watoto watatu wenye makosa tofauti wangejificha nyuma ya herufi moja. Dakika tatu za kubadilisha namba zingekuokoa.

Vipotoshi vizuri havitoki kichwani mwa mwalimu. Vinatoka kwenye madaftari. Uliza kwanza swali lile bila machaguo, kama zoezi la kawaida la darasani. Unaposahihisha, andika kwenye daftari lako la pembeni majibu yaliyokosewa yanayojirudia. Muhula ujao, au kwa mkondo mwingine, hayo ndiyo machaguo yako. Mwalimu aliyefanya hivi kwa miaka mitatu ana hazina ambayo hakuna muuza mitihani anayeweza kumshindia.

Kuna hazina nyingine ambayo wengi hatuigusi. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Humo utaona swali baada ya swali lilivyojibiwa, sababu za watahiniwa kukosa, na vielelezo vya majibu yenyewe kwa mwandiko wa mtahiniwa, mazuri na mabovu. Shule nyingi huishia kwenye ukurasa wa matokeo, zikatazama daraja la shule, zikafunga. Ningekuwa mkuu wa taaluma, taarifa hizo zingekuwa ajenda ya kwanza ya kikao cha idara mwezi Januari.

Machaguo yawe mangapi? Ukishapata vipotoshi viwili vyenye maana na cha tatu hakiji, acha. Watafiti wengi wa upimaji wanakubali kwamba machaguo matatu mazuri yanafanya kazi kama manne au matano, maana ile nafasi ya nne na ya tano mara nyingi hujazwa takataka ambayo hakuna mtoto anayeichagua. Darasa la saba wanahitaji kuzoea machaguo matano, hilo lifanyike kwenye moko. Jaribio lako la wiki halina wajibu huo. Jua tu bei ya kubahatisha: kwenye maswali 40 yenye machaguo matano, mtoto anayefumba macho atapata wastani wa 8. Machaguo yakiwa manne atapata 10. Anayepata 11 kati ya 40 hajathibitisha kwamba anajua chochote.

Halafu kuna maswali yanayovuja. Kiswahili chetu kina mvujo wake ambao vitabu vya wageni haviutaji, nao ni upatanisho wa kisarufi. Tazama hili: "Damu husukumwa mwilini na ______ ambao uko kifuani." A. ini, B. figo, C. moyo, D. mapafu. Mtoto hahitaji kujua lolote juu ya mzunguko wa damu, sikio lake tu linatosha. Ini ni "ambalo", figo na mapafu ni "ambayo", na moyo peke yake ndio unaokubali "ambao". Umetunga swali la sayansi, umepima ngeli. Andika badala yake, "Ni kiungo gani kinachosukuma damu mwilini?" na mlango umefungwa. Swali likikamilika kabla ya machaguo kuanza, mivujo mingi hupotea yenyewe.

Mivujo mingine ni ya kawaida na watoto wanaijua kuliko sisi. Jibu sahihi huwa refu kuliko mengine, kwa kuwa mwalimu anataka liwe sahihi kabisa hivyo anaongeza masharti. "Yote hapo juu" humpa alama mtoto aliyejua mawili tu kati ya matatu. Herufi C hubeba majibu mengi kwa sababu mtunzi hapendi kuliweka jibu mwanzoni wala mwishoni. Dawa yake nyepesi: panga namba kutoka ndogo kwenda kubwa na maneno kwa alfabeti, jibu liangukie litakapoangukia. Na ukilazimika kuuliza kipi SIYO, andika neno hilo kwa herufi kubwa na ulipigie mstari, maana hapo mtoto anayejua hukosa kwa kupitiwa, na kupitiwa sicho ulichotaka kupima.

Neno moja la vitendo kwa shule zisizo na mashine ya kurudufu. Maswali 20 ya kuchagua yaliyoandikwa ubaoni yatawamalizia watoto kipindi chote katika kunakili, na wa nyuma wenye macho mabovu watanakili vibaya. Kama huna karatasi, usiwe mtumwa wa aina hii. Andika matano tu yenye vipotoshi vya kazi, au tumia majibu mafupi, ambayo nitayafikia.

Kweli au si kweli. Maswali haya siyapendi, nasema wazi. Mtoto ana nusu ya nafasi ya kupata bila kujua kitu, na akikosa hujui kwa nini. Yana njia moja tu ya kuyaokoa: mtake mwanafunzi asahihishe sentensi iliyo si kweli. "Ziwa Victoria ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika." Mmoja ataandika si kweli, ni Tanganyika. Mwingine si kweli, ni Nyasa. Bila sharti hilo wote wawili wangepata vema ileile.

Kuoanisha kunafaa pale ambapo vitu vya orodha moja ni vya jamii moja. Ukichanganya mtu, mwaka, mlima na zao kwenye safu moja, swali la "mlima mrefu kuliko yote Afrika" lina jibu moja tu lenye sura ya mlima, na mtoto wa darasa la pili atalipata. Weka safu nzima ya viongozi waliopambana na Wajerumani: Mkwawa, Abushiri, Mangi Meli, Kinjekitile. Upande wa pili weka maeneo yao, na ongeza mawili yasiyo na mwenyewe. Bila hiyo ziada jibu la mwisho linapatikana kwa kufuta yaliyotumika.

Kujaza nafasi kunaonekana rahisi kutunga, na hapo ndipo tunapoponzwa. "Tanganyika ilipata uhuru ______." Mmoja ameandika 1961. Wa pili, mwezi Desemba. Wa tatu, kutoka kwa Waingereza. Wa nne, bila kumwaga damu. Wote wamesema kweli, na mwalimu mwenye 1961 kwenye mwongozo wake anawakata watatu. Mtoto aliyekatwa kwa kusema kweli hasahau upesi. Ongeza neno "mwaka" kabla ya nafasi, basi.

Sasa majibu mafupi, aina ambayo kwa maoni yangu ingefaa kubeba mzigo mkubwa wa upimaji wa darasani. Haihitaji karatasi ya kurudufu, haibahatishwi, na inasahihishika hata kwa watoto 80 ukiiweka sawa. Kasoro yake kubwa kwetu ni kitenzi. Tumezoea "taja". Taja faida tano za misitu, taja sababu sita za ukoloni, taja sifa nne za kiongozi bora. "Taja" humwambia mtoto afungue daftari la kichwani na kunakili. Aliyekesha akikariri anapata zote, na ukimuuliza kwa nini mojawapo ya hizo faida ni faida, ananyamaza.

Badili hali ya swali, usibadili kitenzi peke yake. Ukiandika "fafanua" badala ya "taja" mtoto atataja vilevile kwa sentensi ndefu zaidi. Mpe kitu ambacho hakimo kwenye notisi. Katika mada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, badala ya kudai sababu tano, andika: "Mkulima wa Umatumbi mwaka 1905 analazimishwa kulima pamba kwenye shamba la akida wakati shamba lake mwenyewe linaota nyasi. Anasikia habari za maji ya Kinjekitile. Eleza mambo mawili yanayoweza kumfanya ayaamini, na moja linaloweza kumfanya asite." Sababu za vita zote zimo ndani ya jibu hilo, ila sasa mtoto lazima azitumie. Na akikosa utaona amekosea wapi: kuna atakayezungumzia kodi tu, kuna atakayeandika kana kwamba mkulima yule anajua vita vitaishaje, kuna atakayeshindwa kabisa kuwaza kwa nini mtu asite. Kila kosa hapo lina habari.

Wengi tulifundishwa vyuoni ngazi za Benjamin Bloom za mwaka 1956, kutoka maarifa na ufahamu, kupitia matumizi na uchanganuzi, hadi usanisi na tathmini. Kutokana na mafunzo hayo ikaota imani kwamba maswali ya kuchagua ni ya ngazi za chini na insha ni za ngazi za juu. Imani hiyo haina msingi. Chora jedwali la mvua ya kituo kimoja: inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na kuanzia Juni hadi Oktoba karibu hakuna kitu. Uliza kituo hicho kinaelekea kuwa wapi kati ya Bukoba, Tanga na Dodoma. Hilo ni la kuchagua, na mtoto lazima achanganue misimu kabla hajaandika Dodoma. Linganisha na insha ya "Eleza kwa hoja sita athari za biashara ya utumwa", ambayo imekaririwa neno kwa neno, utangulizi na hitimisho vikiwemo, na madarasa mazima. Ngazi imo katika kile unachomdai mtoto afanye. Urefu wa jibu hausemi lolote juu yake.

Hata hivyo insha ina kitu ambacho hakuna aina nyingine inayokipima: namna mtu anavyoshikilia hoja kutoka sentensi moja hadi nyingine bila kuipoteza. Haiwezi kuachwa. Tatizo ni hesabu. Wanafunzi 80 mara kurasa tatu ni kurasa 240, na hakuna binadamu anayezisoma kwa haki baada ya vipindi vya mchana. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi yamejaa hivyo au kupita hapo, na mwalimu anayelalamika hatii chumvi. Kwa hiyo usidai insha nzima kila mara. Dai aya moja yenye hoja moja, ushahidi wake, na sentensi inayojibu pingamizi moja. Aya 80 zinasomeka jioni mbili. Insha kamili iwe mara mbili au tatu kwa muhula.

Na unaposahihisha, kumbuka ile karatasi ya 64 na 98. Andika mwongozo wa usahihishaji kabla ya kutoa mtihani, siyo baada ya kuona walivyojibu, na andika jibu lako mwenyewe kwa muda unaopimwa. Ikikuchukua dakika saba, mtoto mpe 20. Kunja juu ya karatasi jina lisionekane, maana mwandiko wa mtoto mpole na jina la mtoto mtundu vyote vinatembeza kalamu. Sahihisha swali la kwanza kwa darasa zima, kisha changanya rundo ndipo uanze la pili, ili yule aliyesomwa wakati umechoka asichokewe kila swali. Katika Hisabati gawa alama za hatua. Mtoto aliyepanga vizuri na kukosea kuzidisha mwishoni asifanane na aliyeacha wazi.

Lipo jambo la lugha ambalo aina yoyote ya swali hailikwepi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida amesoma miaka yote kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza na Baiolojia inakuja kwa Kiingereza. Unamuuliza, anaacha wazi. Je, hajui mmea unavyopata chakula, au hajui sentensi yako inataka nini? Karatasi haikwambii, na ukimwekea sifuri umeandika uongo ambao wewe mwenyewe huufahamu. Kwa miezi ya mwanzo, ongeza maswali ya kuchora na kuweka majina, ya kupanga hatua kwa mshale, ya kujaza jedwali. Fupisha sentensi za swali. Kisha chukua watoto watano walioacha wazi, waulize swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Wakikueleza vizuri, unajua sasa kwamba kazi yako ya wiki ijayo ni msamiati. Ninajua wapo wanaoona huku ni kumdekeza mtoto. Mimi naona ni kutenganisha magonjwa mawili kabla ya kutoa dawa.

Maswali ya mdomo nayo yana ujuzi wake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliwarekodi walimu katika miaka ya 1960 na 1970, akakuta kwamba baada ya kuuliza husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Hesabu tatu kimoyomoyo. Kwa darasa kubwa, badala ya "Tumeelewana?", andika ubaoni swali moja lenye machaguo matatu na waambie wote wainue vidole kwa wakati mmoja: kimoja, viwili au vitatu, mkono ukiwa kifuani ili jirani asiige. Kwa mtazamo mmoja umeliona darasa zima.

Tena usidhani kwamba kupima kunakula muda wa kufundisha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lao maarufu: wanafunzi waliosoma kifungu mara moja kisha wakajipima mara tatu walikumbuka baada ya wiki kama asilimia 61 ya yaliyomo, na waliokisoma mara nne bila kujipima walikumbuka kama asilimia 40. Jaribio la dakika tano mwanzoni mwa kipindi, lisiloandikwa kwenye rejesta, wabadilishane madaftari na kusahihishana, ni kufundisha kwenyewe.

Kwa mtihani wa muhula, usianze kuandika maswali kabla ya jedwali la utahini. Halina uchawi wowote. Mada upande mmoja, idadi ya vipindi ulivyotumia upande mwingine. Mada iliyochukua vipindi 8 kati ya 20 ipate karibu asilimia 40 ya alama. Bila jedwali, mkono hukimbilia mada zilizo rahisi kutungia maswali.

Mtihani ukishasahihishwa, fanya kazi ya nusu saa ambayo karibu hakuna anayeifanya. Panga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Kwa darasa la 80, chukua 20 za juu na 20 za chini. Kwa kila swali hesabu wangapi wamepata kila upande. Swali la 7 limepatwa na 18 wa juu na 5 wa chini: hilo ni swali zuri, linawatenganisha wanaojua na wasiojua. La 12 limepatwa na 19 huku na 19 kule: jepesi, na halina ubaya kama ulitaka kuhakikisha jambo la msingi. La 15 limepatwa na 6 wa juu na 11 wa chini. Hapo simama. Kwanza angalia kama mwongozo wako una jibu sahihi. Kama ni sahihi, soma swali upya kwa macho ya mtoto mwerevu, na mara nyingi utakuta lina maana mbili, naye ameichukua ile ambayo wewe hukuiwazia. Lifute na uwarudishie alama bila kuona haya.

Siku ya kurudisha karatasi, usianze na swali la kwanza. Anza na lile lililokosewa na wengi, liandike ubaoni pamoja na jibu lililochaguliwa zaidi kati ya yasiyo sahihi, na uwaulize mtu anayelijibu hivyo anakuwa amefikiri nini, bila kutaja aliyelichagua. Wakishalifafanua, wape palepale swali jingine lenye kosa hilohilo kwa namba au mazingira tofauti. Baada ya wiki mbili, liingize tena katika jaribio la Ijumaa, na uhesabu ni wangapi bado wanachagua 3/8.